Usilipie Programu Kabla Mkono Haujaiomba

Wadogo zangu, barua zenu za mwezi huu zinazunguka jambo moja: mtu anataka kuchora kidijitali, sasa ashike programu za bure au anunue? Mwanafunzi wa chuo ameniandikia kwamba boom, yaani fedha za mkopo wa chuo, limeingia, na anataka kulimega alipie Photoshop ya mwaka mzima, kwa kuwa kaka yake amemwambia bila hiyo hatahesabiwa kuwa mchoraji. Kijana wa Mombasa anasema fundi wa kompyuta mtaani kwao anamwekea programu zote kubwa kwa bei ya chakula cha mchana. Wa tatu ana simu tu, na anauliza kama anapoteza muda.

Jibu langu ni hili: anzeni na za bure, na msione haya. Programu za bure zilizopo leo zinamtosha mtu anayejifunza, na kadhaa kati yake zinawatosha hata wanaoishi kwa kuchora. Kulipia kuna wakati wake. Wakati huo ukifika utaujua, kwa sababu kutakuwa na kazi fulani mezani ambayo chombo ulichonacho kimeshindwa kuimaliza.

Kwa kaka wa yule mwanafunzi nina mifano. Machi 2025, filamu ya katuni iitwayo Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitwaa Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Filamu ile ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo wewe na mimi tunaweza kuipakua leo bila kutoa senti. Kule Ufaransa kuna mchoraji David Revoy, ambaye tangu 2014 anatoa hadithi za vibonzo za Pepper&Carrot, na rangi zile nzuri zote anazipaka kwa Krita, nayo ya bure. Na hapa nyumbani, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli na vipande vya mbao ngumu za dari, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Mtu asikutishe kwa jina la chombo.

Sasa tushuke kwenye hali zenu, nikianza na mwenye simu tu, maana mko wengi.

Mdogo wangu, hupotezi muda. Pakua ibisPaint X, ya Japani. Ni ya bure, inaonyesha matangazo, na ina leya (tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine), brashi nyingi na kitu cha kutuliza mstari mkono unapotetemeka. Hicho cha mwisho kitafute kwenye mipangilio ya brashi mapema, maana wengi hukata tamaa wakidhani mkono wao ni mbaya kumbe kidole kwenye kioo kinateleza tu. Nunua kalamu ya simu ya bei ndogo ukiweza. Kuza picha unapochora jicho au vidole vya mkono, kisha rudi nyuma uitazame nzima.

Shida utakayokutana nayo kwenye simu ni uwezo wake wa kubeba picha, na hili nataka mlielewe vizuri kwa sababu watu hulaumu programu ya bure kwa kosa ambalo si lake. Ukurasa wa A4 wenye ubora wa kuchapishwa, yaani nukta 300 kwa inchi, una pikseli 2480 kwa 3508. Hizo ni pikseli milioni 8.7. Kila pikseli inakula baiti nne, kwa hiyo leya moja iliyojaa rangi inachukua megabaiti 35 hivi za RAM. Ukiwa na leya ishirini za namna hiyo, umefika megabaiti 700, na simu yenye RAM ya GB 3 hapo ina WhatsApp, ina mfumo wake wenyewe, ina mengine usiyoyaona. Ndiyo sababu programu inajifunga ghafla, au inakukatalia kuongeza leya. Hata ungelipia toleo la juu kabisa, RAM ya simu isingeongezeka. Dawa yake ni kuunganisha leya ulizomaliza nazo, kwa mfano mstari wa nguo na rangi ya nguo, au kuchora kwenye A5, ambayo ni nusu ya ukubwa huo. Kwa picha ya kuweka Instagram, pikseli 1500 kila upande zinatosha na kubaki.

Mwenye kompyuta mpakato ya kawaida, hata ile ya mtumba, milango yake ni mipana zaidi. Wa kuchora na kupaka rangi achukue Krita. Haizidi megabaiti mia mbili na kitu, kwa hiyo bando la siku linaitosha. Mkiikuta inauzwa kwenye Steam au Microsoft Store msishtuke: ni ileile, na fedha hiyo huwasaidia wanaoitengeneza. Kwenye tovuti yake rasmi ni bure. Ila hakikisheni ni tovuti rasmi kweli, maana ukitafuta jina la programu yoyote maarufu, viungo vya juu wakati mwingine ni matangazo ya matapeli. Wa kurekebisha picha za kamera achukue GIMP, kazi iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeondoa kero nyingi za zamani. Wa nembo, stika na maandishi makubwa ya bango achukue Inkscape, kwa sababu mchoro wake unaweza kuukuza ukajaza ukuta wa duka bila kuvunjika kingo. Na kama kompyuta ni ya ofisi au ya intaneti kafe, huruhusiwi kuweka kitu, fungua Photopea ndani ya kivinjari. Inasoma faili za PSD, zile za Photoshop, na mchoro wako unabaki kwenye mashine hiyohiyo bila kupandishwa popote. Ukimaliza uhifadhi kwenye flashi yako na uufute pale.

Siwadanganyi kwamba za bure ni tamu mwanzo hadi mwisho. GIMP ina mpangilio wake wa menyu ambao humchosha aliyezoea Photoshop, na mafunzo mengi ya YouTube yanafundishwa kwa zile za kulipia, kwa hiyo utakuwa unatafsiri kichwani: yeye kabonyeza hapa, kwangu kiko wapi? Krita ni hodari wa brashi ila ukitaka kupanga maandishi marefu ndani yake utasumbuka. Hayo ni ya kuvumiliwa. Ukijifunza leya, barakoa za leya na namna rangi zinavyochanganyika kwenye programu moja, nyingine yoyote utaizoea haraka, maana mambo ni yaleyale na vitufe ndivyo vimehamishwa.

Lakini jihadharini na hili: za bure zinatofautiana, na tofauti yenyewe itakuja kukugusa baadaye. Krita, GIMP, Inkscape na Blender zina leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha, hata kibiashara. Toleo ulilonalo hakuna awezaye kukunyang'anya. Nyingine ni za bure kwa sababu kampuni imeamua hivyo kwa sasa. Affinity, kwa mfano, ilikuwa ikiuzwa na kampuni ya Serif ya Uingereza, kampuni ya Canva wakainunua mwaka 2024, na Oktoba 2025 wakaitoa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni programu nzuri sana, na mwenye kompyuta inayoiweza nashauri aijaribu, hasa kwa kupanga majarida na vipeperushi. Ila kumbukeni programu ya kuchora ya Sketchbook: kampuni ya Autodesk waliifanya bure mwaka 2018, mwaka 2021 ikaenda kwa kampuni nyingine, na toleo la kompyuta likarudi kuwa la kulipia. Hakuna aliyevunja sheria. Kampuni inaweza kubadili nia, basi wewe uwe na mahali pa kukimbilia.

Mahali hapo pa kukimbilia ni faili zako. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko bei, na ningependa kila mmoja alifanye leo. Kila programu huhifadhi mchoro kwa aina yake ya faili: Krita ina yake, Procreate ya iPad ina yake, ibisPaint ina yake. Siku simu ikiibiwa kwenye daladala au programu ikiacha kufunguka, faili hiyo inaweza kubaki jiwe mkononi. Kwa hiyo kila kazi unayoipenda itoe mara mbili: PSD ili leya zibaki, kwa sababu karibu kila programu ya kuchora huifungua, na PNG ya picha nzima. Ziweke mahali pawili tofauti. Mchoro wa mwaka wako wa kwanza utautamani miaka kumi baadaye.

Tuje kwa kijana wa Mombasa na fundi wake. Mdogo wangu, kataa. Najua kila mtu mtaani anafanya hivyo, na fundi mwenyewe pengine ni mtu mwema anayetafuta riziki. Lakini angalia anachokifanya akiketi kwenye mashine yako: kabla ya kuweka programu ile iliyovunjwa kufuli anazima antivirasi, kwa sababu maelekezo yaliyokuja na faili yanamwambia azime. Kuna virusi vya kuteka faili vinavyojulikana kama STOP, au Djvu, ambavyo vimekuwa vikisambaa kwa njia hiyohiyo, vikifichwa ndani ya programu za wizi. Vikiingia, kila picha, kila insha na kila faili hubadilishwa jina na kufungwa, kisha inabaki karatasi ya maandishi ikikudai dola. Mwanafunzi aliye kwenye mwezi wa kukabidhi mradi anapoteza mwaka. Halafu kuna jambo la haki. Mnaniandikia kwa uchungu, na mna haki ya kuumia, kwamba mtu kachukua mchoro wenu mtandaoni akauchapa kwenye fulana na kuuza bila hata kuwaambia. Waliotengeneza programu wanaumia vilevile. Na maadamu Krita ipo, huna sababu ya kufika huko.

Sasa mwanafunzi wangu wa boom. Bei ya Photoshop peke yake kwa Marekani imekuwa karibu dola 23 kwa mwezi ukijifunga mwaka mzima. Piga mara kumi na mbili: dola 276. Hesabu hiyo ni ya dola, na wewe unakula kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, bei yako inapanda hata kama wao hawajapandisha chochote. Mwaka 2013 Adobe, wenye Photoshop, waliacha kuuza matoleo mapya ya kununua mara moja, kwa hiyo siku ukiacha kulipa, programu inaacha kufanya kazi.

Kuna kipengele ambacho ni lazima usome kabla ya kuweka namba ya kadi. Ule mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi unaonekana kama wa mwezi, lakini ni mkataba wa mwaka. Ukijitoa katikati, baada ya wiki mbili za mwanzo, unatozwa nusu ya kiasi kilichobaki. Umebakiza miezi sita? Unalipa mitatu ili uachwe uende. Juni 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki Adobe ikidai kwamba ada hiyo ilikuwa imefichwa mbali na macho ya wateja. Ukihitaji kweli, chagua ule wa mwezi kwa mwezi. Ni ghali zaidi kwa mwezi, lakini mlango wa kutokea uko wazi. Uliza pia bei ya wanafunzi, ipo. Na kwa malipo ya namna hii usitumie kadi ya akaunti inayopokea boom. Tumia kadi pepe inayofunguliwa kupitia pesa ya simu. Kenya wana GlobalPay ya M-Pesa tangu 2022, na mitandao mingine nayo ina za kwake. Weka humo kiasi unachokusudia kutumia tu. Majaribio ya bure yanayodai kadi yaandike kwenye kalenda ya simu, siku mbili kabla hayajaisha.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, fedha hiyo ningekuambia uipeleke kwenye mkono wako. Kwa malipo ya miezi miwili au mitatu ya usajili ule, unapata ubao mdogo wa kuchorea usio na kioo wa Huion au XP-Pen, pamoja na kalamu yake isiyotumia betri. Kalamu hiyo inajua unakandamiza kiasi gani, kwa hiyo mstari unaanza mwembamba, unanenepa kwenye mkunjo wa shavu, unamalizia kwa ncha. Baadhi ya mbao hizo huunganishwa hata na simu ya Android kwa kiunganishi cha OTG. Muulize muuzaji na hakikisha simu yako inaukubali ubao huo kabla ya kulipa. Majuma ya mwanzo utaona ajabu kuchora mezani huku macho yako kwenye kioo. Chora maduara, chora mistari mirefu, usiukimbie ubao. Tofauti kati ya kidole na kalamu utaiona kwenye kazi yako kuliko tofauti kati ya Krita na Photoshop.

Ni lini basi ulipie? Nitawapa hali ninazozikubali. Ya kwanza ni pale kazi inapokulipa na mwajiri anataka faili za aina fulani. Ukiitwa kwenye ofisi ya matangazo Nairobi au Dar, wote pale wakiwa kwenye Illustrator na After Effects, usibishane nao kuhusu Inkscape. Lipia mwezi huo na gharama uiweke ndani ya bei yako. Anayetafuta ajira ya usanifu naye ajue kwamba matangazo mengi ya kazi huzitaja programu za Adobe kwa majina, kwa hiyo kuzifahamu ni sehemu ya kujiandaa. Ya pili ni pale programu ya kulipia inapookoa saa nyingi za kazi unayoifanya kila siku. Mchoraji wa vibonzo anayetoa kurasa kila wiki atanufaika na Clip Studio Paint ya Celsys wa Japani, kwa sababu fremu za ukurasa, viputo vya maneno na rula za mtazamo vimo tayari. Toleo dogo la kompyuta hununuliwa mara moja kwa dola hamsini na kitu, na mara kwa mara hushushwa bei, basi subirini punguzo. Ya tatu ni mwenye iPad tayari: Procreate, ya Tasmania kule Australia, ni karibu dola 13, unalipa mara moja basi. Kwa bei hiyo sina la kusema ila chukua. Lakini kununua iPad kwa mkopo ili upate Procreate, hapana, wadogo zangu. Hapana kabisa.

Neno kuhusu kuchapa, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu huambiwa programu ya bure haifai. Kioo cha simu hutoa rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa hutoa rangi kwa wino, na wino hauwezi kuufikia mwanga. Bluu kali na kijani kinachowaka vitafifia karatasini hata ungetumia programu gani. Krita inakuruhusu kuanza mchoro moja kwa moja kwenye rangi za wino, CMYK, na kwa kitabu au kadi nyingi za harusi fanya hivyo. Kwa nakala chache za steshenari, PDF ya kawaida yenye nukta 300 inatosha. Mafundi wengi wa mabango kwetu hutumia CorelDRAW na watakuomba faili yake; wape PDF au SVG kutoka Inkscape, CorelDRAW inazifungua zote mbili, ila kwanza geuza maandishi yawe michoro ili fonti isibadilike huko. Na daima chapisha nakala moja, itoe nje uitazame kwenye mwanga wa jua, ndipo useme piga mia.

Nimebakiza ombi. Hizi za bure hazikuota zenyewe. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa na Blender ilikuwa imefungwa, na Ton Roosendaal wa Uholanzi akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili programu ile ifunguliwe kwa wote. Walizipata kwa majuma saba. Tunachora leo juu ya mfuko ule wa watu tusiowajua. Siku mteja wako wa kwanza akilipa, tenga dola chache uzipeleke Krita au Blender. Wote wana mifuko ya kupokea michango. Usiye na kadi unaweza kurekodi somo kwa Kiswahili, dakika kumi tu, ukionyesha leya na brashi kwa mtoto wa Tabora au Bukavu anayehangaika na mafunzo ya Kiingereza. Tafsiri za menyu nazo hufanywa na watu wa kujitolea. Anayejua Kiswahili na Kiingereza vizuri aingie kwenye tovuti za miradi hiyo, atafute ukurasa wa wafasiri, ajiandikishe.